Chai ya Chantal na Kupe wa Ng'ombe Wetu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, nawaona, apewe sifa na huko pia!

Wengi mnanijua. Ni mimi Mama Yvette, mshonaji wa kule Lumumba. Hizo nguo za kwaya nilizishona mimi, hata ile ambayo mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, na mwenyewe anajua kwamba siku ya kupimwa alikuwa hatulii. Pasta amenipa dakika kumi. Nitajitahidi, lakini msiangalie saa.

Leo nimesimama mahali palepale niliposimama miezi mitano iliyopita, siku nilipoliomba kanisa limwombee mdogo wangu Ngabu. Mnakumbuka nilivyolia. Mnakumbuka pia neno nililolisema juu ya nyumba yake, kwamba adui ameingia akiwa na kinywaji mkononi. Sikutaja jina. Lakini kila mtu humu ndani aligeuza kichwa akamtazama Chantal, mke wa Ngabu, na mimi niliona, nikawaacha mgeuze. Ndugu zangu, neno lililosemwa mbele ya watu wote haliendi kuombewa msamaha jikoni, wawili wawili. Ndiyo maana nimelirudisha hapa.

Nianze mbali kidogo. Sisi kwetu ni watu wa ng'ombe. Mama yetu alifariki Ngabu akiwa bado anatambaa, na mimi nikiwa msichana wa kujitegemea kidogo, tukalelewa na bibi. Na mimi tangu utoto nina ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Juu ya nini kuku akinywa maji anatazama mbinguni? Juu ya nini ng'ombe analala upande ule na si upande huu? Bibi alikuwa na utaratibu wake. Swali la kwanza alijibu, la pili alijibu kwa ufupi, la tatu alinituma mtoni.

Kila asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka zizini, kazi yangu ilikuwa kuwatoa kupe. Unapitisha mkono chini ya mkia, kwenye kiwele, nyuma ya masikio, unang'oa. Na kupe uliyemng'oa humtupi. Bibi alisema kupe aliyetupwa mzima atakuwa amerudi kwa ng'ombe wake kabla hujamaliza kunawa. Kwa hiyo anapondwa. Unamlaza juu ya ukucha wa kidole gumba, unambana kwa ukucha wa gumba la pili, tap! Halafu unaitazama damu. Ikiwa nyeusi na nzito, ng'ombe ana nguvu. Ikiwa nyepesi kama chai, ng'ombe ana shida, na wazee waitwe.

Siwezi kuwaeleza nilivyoipenda kazi ile! Wasichana wengine walikunja pua, mimi nilikuwa nasoma. Nilijua damu ya kila ng'ombe wetu jinsi ninavyojua leo vipimo vya mabega yenu. Watu wazima waliniita niwasomee ng'ombe wao. Na Ngabu alipofikia umri wa kuingia zizini, mwalimu wake nilikuwa mimi, dada yake mkubwa, Yaya kama anavyoniita. Nilikishika kidole gumba chake kidogo, nikamwekea kupe juu ya ukucha, nikabana pamoja naye. Damu ikaruka, akacheka sana. Kishikeni hicho kidole, ndugu zangu, tutakirudia.

Miaka ikapita. Kwa sababu ya vurugu mnazozijua wenyewe, Ngabu aliondoa ng'ombe wetu upande wa Aveba akawaleta hapa pembeni ya Bunia. Akaoa Chantal. Chantal ni mwanamke wa biashara, huenda mpaka Ariwara kununua sabuni na vitenge, anarudi kuuza hapa sokoni. Haongei sana. Na mimi, niseme ukweli, mtu asiyeongea sana hunisumbua, kwa sababu namwuliza maswali matano ananijibu moja. Nilimpenda nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa inangoja sababu.

Mwaka huu Ngabu alinunua ng'ombe wawili kwa wafanyabiashara waliowaleta kwa mguu kutoka mbali. Jumamosi moja nikaenda kuwaona. Haleluya, nilikuta kupe wa namna ambayo sijawahi kuiona! Wakubwa, rangi ya kahawia, na miguu yao ina mistari ya kahawia na nyeupe kama soksi za mchezaji wa mpira. Na hawa hawangoji kwenye jani kama kupe wetu. Mmoja alikuwa chini, nikasogea hatua mbili, akanifuata. Nikasogea tena, akageuka akanifuata tena! Nilicheza naye hivyo kwa muda, mtu mzima mwenye wajukuu, nikitaka kujua ananionaje. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mzima kabisa, ananenepa, ngozi inang'aa. Nikamponda kupe mmoja wa kwake. Damu nyeusi, nzito. Kwa kipimo cha bibi, huyo ng'ombe alikuwa wa kwanza darasani.

Nikamwambia Ngabu amalize kuwatoa wote, maana mimi nilikuwa na sare za shule za kushona. Akawatoa peke yake, siku mbili mfululizo. Gumba lake la kulia lilikuwa na jeraha la waya wa uzio. Niliona lile jeraha. Sikuliwazia hata dakika moja.

Katikati ya wiki Chantal akarudi kutoka Ariwara. Alileta chupa mpya ya chai, nyekundu, yenye maua, zawadi ya mume wake. Jioni akaijaza chai ya tangawizi, akaileta uani Ngabu alipotoka kwa ng'ombe. Mimi pia nilikuwapo, nimefuata maziwa. Jua lilikuwa halijazama Ngabu alipoanza kutetemeka. Kichwa, mgongo, macho hayataki mwanga. Tukasema malaria, tukampa dawa ya malaria. Siku ya tatu akatapika. Siku ya nne, ndugu zangu, damu ikatoka puani na kwenye fizi, na mikononi mwake yakatokea mabaka kana kwamba amepigwa, na hakuna aliyempiga.

Tulimpeleka hospitali. Sisi watu wa Bunia tunajua damu ya namna hiyo inaitwaje, tulishaiona Ebola. Wauguzi wakavaa yale mavazi yao ya kutisha, wakamweka chumba chake peke yake, wakachukua damu wakaipima. Majibu yakarudi: si Ebola. Mtu mwingine angeshangilia. Mimi nilikaa chini kwenye korido nikauliza, kama si Ebola ni nini? Na pale pale sauti moja ndani yangu ikajibu, haraka mno: chai.

Watu waliokuja kutupa pole nao wakajibu hivyohivyo. Amekunywa chai ya mkewe, jioni ileile ameanguka. Mke mwenyewe ametoka safari. Chupa yenyewe ni mpya. Mambo yakajipanga vizuri kuliko nguo iliyokatwa kwa chaki! Nikamfuata Chantal kwenye lango la hospitali, mbele za watu.

"Weye ulimupa nini mu ile terimosi?"

"Chai tu, Yaya. Chai na tangawizi."

"Usikuye hapa tena."

Hakubishana. Akaenda kwa mama yake. Mimi nikaichukua ile chupa, nikaifunga kwenye mfuko, nikaificha chini ya cherehani yangu iwe ushahidi. Kila nilipopumzika kushona niliifungua nikainusa. Ilinukia tangawizi, na hilo likazidi kunitia shaka! Na Jumapili nikaja hapa nikasema lile neno. Wiki iliyofuata hakuna mtu aliyenunua sabuni kwa Chantal. Akafunga meza yake sokoni.

Sasa njooni muone Mungu wetu anavyofanya kazi. Kesho yake tu baada ya lile neno, Jumatatu, nikaichukua chupa, nikaipeleka hospitali kwa kishindo, nikataka ipimwe. Mwuguzi aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, jina lake Esther. Hakuigusa chupa. Akaniweka kwenye benchi uani, yeye akakaa mbali kidogo, akafungua daftari.

"Nani mwengine alikunywa ile chai?" akaniuliza.

Ndugu zangu, mimi niulizaye kila kitu duniani, hilo swali moja nilikuwa sijajiuliza. Nikakumbuka uani, nikakumbuka nimeshika kikombe, nikakumbuka hata kwamba niliomba sukari zaidi.

"Miye," nikasema.

"Kikombe ngapi?"

"Mbili."

"Na weye unagonjwa?"

"Hapana."

Hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Akageuza ukurasa. "Sasa tuwache terimosi. Uniambie, kabla agonjwe, mikono yake ilitumika kazi gani?"

Nikamweleza habari za ng'ombe wapya na kupe wenye soksi. Akaweka kalamu chini. Akauliza kupe tunawatoaje. Na mimi, kwa ile fahari yangu ya utoto, nikainua vidole gumba viwili mbele yake, nikamwonyesha ukucha juu ya ukucha, tap! Akasema fanya tena. Nikafanya tena. Akauliza na damu inakwenda wapi, nikasema inaruka, kwenye vidole, mara nyingine usoni, unajipangusa. Akauliza mikono ya Ngabu ilikuwa na jeraha? Nikasema gumba la kulia. Halafu akauliza kwa upole tu, kama mtu anayejaza karatasi, ni nani alimufundisha mutu huyu kuponda kupe.

Nilivitazama vidole vyangu. Vilikuwa bado hewani, kimoja juu ya kingine.

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Nilikuwa nimemwomba Mungu usiku na mchana amfichue adui wa nyumba ya mdogo wangu. Haya, akamfichua, na alikuwa amebeba chupa ya watu kwenye mfuko!

Damu ya Ngabu ikapandishwa ndege kwenda Kinshasa. Siku tulizongoja majibu zilikuwa ndefu. Walimwekea maji ya mishipa, wakamwongezea damu, wakampa dawa waliyokuwa nayo, nasi tulimwona kwa dirisha tu. Siku moja hakututambua kabisa. Siku hiyo nilipiga magoti kwenye zege la ule uwanja wa hospitali, sikuomba tena juu ya maadui. Nilisema, Bwana, yule mtoto nilikishika kidole chake mimi mwenyewe. Usikitie mkononi mwangu kifo chake. Nilisema hivyo tu, mara nyingi.

Majibu yakaja. Ni homa ya kutoka damu inayoletwa na kupe. Wataalamu wanaiita kwa majina ya mahali pawili, Crimea na Kongo. Hebu fikirini! Ugonjwa umebeba jina la nchi yetu, unajulikana huko duniani kwenye vitabu, na mimi mwenye ng'ombe Kongo sijawahi kuusikia. Nilimwuliza Mama Esther maswali mpaka akavua miwani. Kama ulikuwa kwenye kupe, juu ya nini ng'ombe hakuugua? Akanipeleka kwa mganga wa mifugo, yule naye akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanizungusha kichwa: ng'ombe haonyeshi kitu. Kirusi kinapita kwenye damu yake siku chache, anakula, ananenepa, kinaondoka, na mwenyewe hajui kama alikuwa na mgeni. Anayekufa ni mtu. Mtu wa kupe, mchinjaji, anayepasua nyama mbichi, na yule anayemfulia mgonjwa nguo zenye damu bila kinga.

Nikauliza tena, mbona mimi niliponda Jumamosi ileile na sikuumwa? Akasema si kila kupe anacho, na mimi sikuwa na jeraha, na zaidi ya hapo hajui. Nilimpenda kwa kusema hajui. Ningekuwa na akili hiyo pale langoni!

Lakini mmesikia alichosema kuhusu nguo. Nguo za Ngabu zenye damu, aliyezifua siku ile damu ilipoanza kutoka ni Chantal, kwa mikono mitupu, mbele yangu, kabla sijamfukuza. Watu wa afya wakaenda kumtafuta kwa mama yake. Alipoona gari lao, alidhani mimi nimemletea polisi. Akatoka nje akanyoosha mikono wamfunge. Wakampa kipimajoto. Wiki mbili alipimwa asubuhi na jioni, nami nilipimwa vilevile kwangu, na kila jioni nilikuwa natuma mtu akaulize Chantal ana joto kiasi gani kabla sijaangalia la kwangu. Bwana alimlinda. Hakuugua! Semeni amina, ndugu zangu, hilo ni jambo kubwa!

Na Ngabu akafumbua macho. Damu ilikata, homa ikashuka, akaomba uji. Niliporuhusiwa kukaribia kitanda chake neno lake la kwanza lilikuwa moja.

"Yaya, Chantal iko wapi?"

Nikamwambia nakwenda kumtafuta.

Nilichukua ile chupa nyekundu nikaenda kwa mama yake Chantal. Alinipokea, akaitwaa chupa, akaiosha mara tatu mbele yangu, akachemsha chai, akaweka tangawizi. Akamimina kikombe kimoja, akanipa, akasimama akinitazama. Nikanywa. Ilikuwa ya moto mno, nikanywa hivyohivyo mpaka chini. Ndipo akakaa.

"Yaya, weye unaulizaka kila kitu. Juu ya nini miye hukuniuliza?"

"Nilikuuliza, Chantal."

"Hapana. Ulikuya na jibu yako tayari."

Nikalia, nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, yeye na mimi yamekwisha. Halafu akasema, "Lakini ile neno ulisemea ku kanisa. Ni kule utaenda kuitoa."

Hiyo ndiyo sababu mnaniona hapa, na dakika kumi zimepita zamani, Pasta, nimekuona.

Bibi yangu simlaumu. Alitufundisha alichokijua, na alikuwa sahihi kwamba kupe hatupwi mzima. Lakini leo kwenye zizi letu hakuna ukucha unaoponda. Ngabu anavaa glavu na mikono mirefu, anawashika kupe kwa kibano, ni kile changu cha kuvutia nyuzi, nilimpa, anavuta polepole bila kupasua, anawatia kwenye kopo la dawa lenye kifuniko. Ng'ombe wanapuliziwa dawa kwa wakati. Ng'ombe mgeni akiletwa hachanganywi na wengine wala hachinjwi mpaka apuliziwe na kungojewa siku zake. Nyama iliyoiva vizuri haina neno, kuleni. Ninyi wachinjaji, nakuja machinjioni kesho, nataka kuona mikono yenu. Na mtu akishikwa na homa baada ya kushika kupe au damu, apelekwe hospitali upesi, aseme wazi kazi ya mikono yake. Msinifiche, mnajua nitauliza.

Ndugu zangu, Bwana aliniokoa na mambo mawili. Alimrudisha mdogo wangu kutoka kaburini, huyo hapo benchi la tatu, amekonda lakini anakula vya watu wawili. Na aliniokoa mimi na uhakika wangu. Mwaminini, jamani! Ni Mungu asiyechoka na maswali. Mpelekeeni yote, na lile mnaloliogopa mlitangulize, maana mimi langu nililificha chini ya cherehani na likakaribia kumzika mtu na kumfungia mwingine meza yake.

Miezi mitano iliyopita niliwafanya mgeuze vichwa. Leo nawaomba mgeuze tena. Pale nyuma, karibu na mlango, mwenye kitenge cha bluu. Hakumpa mume wake sumu. Alimpa chai, na nguo zake alizifua. Mimi ndiye niliyesema uongo mbele yenu, na aliyefundisha kuponda kupe ni mimi.

Chantal, mulamu wangu, najua hupendi kutazamwa. Vumilia kidogo. Umekuja na ile chupa, naiona miguuni pako. Ibada ikiisha, atakayependa kunywa apange mstari nyuma yangu.